Vichuguu vya Kalaba

Ndugu za mume wangu walipokuja kugawana vitu vyake, walichukua baiskeli, suti ya kahawia, gramafoni, koti la mvua la reli, hata kile kisanduku chake cha kupigia picha. Boksi la bati la biskuti hawakulitaka. Shemeji yangu mkubwa, Mutale, alilifungua, akatia mkono, akatoa picha moja na kuigeuza juu chini. Ilikuwa picha ya miti. Akatoa nyingine: miti. Akatoa nyingine tena: mto, na ng'ambo ya mto, miti.

"Mudogo yangu alikuwaka na wazimu kidogo," akasema, akanirudishia boksi. "Bakia nayo, Wivine. Utawashia nayo makala ya kupikia."

Hivyo ndivyo nilivyorithi. Wajane wengine wa kambi ya reli pale Makomeno waliachiwa watoto. Mimi niliachiwa misitu.

Simsemi marehemu kwa ubaya. Kalaba hakunipiga, hakulewa, na mshahara aliuleta nyumbani. Lakini alikuwa mshika breki wa treni za mizigo, na treni za mizigo hazina kwao. Leo Sakania, kesho Jadotville, keshokutwa Bukama kule mtoni. Alirudi mweusi kwa moshi, akaoga, akala, akalala, akaondoka. Na tangu Mzungu mmoja mpima ardhi alipomuuzia kile kisanduku kabla ya kurudi kwao Ubelgiji, hata ule muda mdogo aliokuwa nyumbani aliutumia kusimama dirishani na kutazama picha zake. Treni ikisimama porini kuchukua maji, wenzake wanashuka kuvuta sigara, yeye anashuka kupiga miti picha. Watoto hatukupata. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia uji ukipoa.

Siku moja nilimwuliza: "Juu ya nini haunipige miye picha?"

"Bantu banatikisika," akanijibu, macho yakiwa kwenye karatasi yake. "Miti inatulia."

Mara moja tu alinichukua safarini. Tulikuwa tumeoana karibuni, akataka shangazi yake wa Kambove anione. Tulishuka kituoni alasiri, tukashika njia ya kwa shangazi, mimi nimejitwika zawadi yake kichwani, shingo inaniuma, jua linatuchoma mgongoni. Katikati ya njia Kalaba akasimama. Ameona nini? Miti. Nami nilikuwa nimetangulia, nikageuka, nikatabasamu, maana nilidhani siku yangu imefika. Akanipungia mkono: "Toka pale!" Akaja, akanishika kiwiko, akanirudisha nyuma mpaka alipokuwa amesimama yeye, akaniweka pembeni mwake. Hata kusogea alinikataza. "Usitikisike," aliniambia, utadhani pumzi yangu ingeangusha miti yake. Akainama juu ya kisanduku, kikalia tik, tukaendelea na safari. Sikumsemesha mpaka tulipofika kwa shangazi. Picha ile sikuomba kuiona, naye hakunionyesha.

Jambo lile nililiweka moyoni miaka yote ya ndoa, nikawa nalitoa mara kwa mara na kulifuta vumbi.

Kisha homa ikamkuta Bukama. Alizikwa kule kule kabla habari haijanifikia Élisabethville. Sikumwosha, sikumwona, kaburi lake silijui. Nyumba ya kambi ilitakiwa na mfanyakazi mwingine, nikapata chumba na kipande cha uwanja Kamalondo, ambapo Wazungu wanapaita Commune Albert. Majirani walipokuja kunipa pole, kila mmoja alitafuta ukutani ile picha ya marehemu, yenye utepe mweusi, kama ilivyo kwenye kila nyumba yenye msiba. Ukuta wangu ulikuwa mtupu. Mwanamume aliyekuwa na kisanduku cha picha hakuniachia hata picha ya uso wake, kwa kuwa siku zote mwenye kisanduku ndiye yeye.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma zaidi ni kingine, na nakisema wazi ili asije mtu akadhani nilikuwa nalilia gramafoni. Nilitaka kujua kama katika safari zake zote zile, kati ya kituo na kituo, kulikuwa na siku hata moja ambayo Kalaba alinikumbuka. Nikawa nafungua boksi la bati na kutafuta. Nilikuta miti, mito, mabonde ya majani, mawingu juu ya milima ya Kundelungu. Mimi sikuwamo.

Mambo ya kutarizi yaliingia kwa ajili ya upweke tu. Kwenye foyer ya masista, nyumba ya mafunzo ya akina mama, tulikuwa tunafundishwa broderi kila wiki na Masœur Godelieve, mwanamke mnene mwenye huruma na sauti ya kondoo. Tulitarizi maua ya kwao, yale yanayofanana na vikombe, juu ya vitambaa vya meza. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuyaona maua yale. Siku moja vielelezo vya maua vikaisha, Masœur akasema kila mama alete mchoro wa nyumbani. Mimi nyumbani nina nini? Nikaleta picha ya Kalaba.

Kazi yenyewe ni hivi. Unabandika picha juu ya kipande cha katoni, unazungushia pini pembeni, unapitisha uzi mwembamba kutoka pini hadi pini, wima na mlalo, mpaka picha inafunikwa na vyumba vidogo kama wavu. Kwenye kitambaa unachora vyumba vile vile kwa penseli, ila vikubwa. Kisha kilichomo katika chumba kidogo unakihamishia katika chumba kikubwa, kimoja baada ya kingine. Hapo mkono ndio unaofanya kazi, kichwa hakiulizwi kitu. Ukimaliza ndipo unarudi nyuma na kutazama umechora nini, na ndipo unachagua nyuzi.

Nyuzi ndizo zilizonipa shida, kwa sababu picha za Kalaba hazina rangi. Majani niliyajua: mwezi wa tisa, kabla ya mvua, majani machanga ya miti yetu hutoka mekundu, basi nikayatia mekundu. Lakini maji ya Lubudi yana rangi gani saa ambayo Kalaba aliyaona? Anga la Tenke je? Ilibidi nikisie. Jioni nakaa mlangoni na duara langu la mbao la kutarizia, picha gotini, namwuliza: "Hapa ilikuwa asubuyi ao magaribi? Ulikuwa na baridi? Ulikuwa umekula?" Nikimkasirikia namtilia maji ya kijani kibichi. Siwezi kuficha, jioni zile zilikuwa jioni zangu nzuri. Nilisafiri naye kwa sindano zaidi ya nilivyosafiri naye kwa treni.

Kitu kimoja kilinichekesha. Karibu kila picha, chini kabisa, mbele ya miti na mito yote, palikuwa na donge jeusi la mviringo, pana chini, jembamba juu. Nilipolihamishia kwenye kitambaa nikalitambua mara moja: kichuguu. Mtu wa Katanga akiona donge jeusi kwenye majani aseme nini kingine? Vichuguu vyetu vina urefu wa nyumba, barabara zinavikwepa, watu wanapanda mahindi juu yake. Nikasema, ehe, Kalaba, umependa miti, umependa na vichuguu pia, kila mahali umekitafuta kimoja ukakiweka mbele. Nikavitarizi kwa uzi wa kahawia. Nikaviotesha nyasi. Kimoja nilikitilia uyoga, ule mweupe mkubwa unaotoka mvua ikianza, na Masœur Godelieve akapiga makofi.

Vitambaa vikapendwa. Foyer ilipofanya maonyesho ya kazi za akina mama, mabibi wa Kizungu walinunua karibu vyote, wavitundike kwenye sebule zao. Kimoja kilipelekwa hadi Ubelgiji. Mke wa daktari mmoja alikitaka kile kilichokuwa bado mikononi mwangu, chenye msitu mwembamba na kilima kwa mbali, na mbele yake vichuguu viwili badala ya kimoja: kikubwa, na pembeni yake kidogo, chembamba, kilichoota vijiti vinne vikavu kileleni. Nikamwahidi nikikimaliza nitampelekea.

Jumapili moja baada ya misa akaja Floribert. Huyu alifanya kazi treni moja na Kalaba tangu ujana wao, na alikuwa bado njiani, Bukama kwenda, Bukama kurudi. Aliniletea samaki wakavu. Akakaa, akanywa maji, akaanza kutazama vitambaa nilivyovitandaza juu ya kitanda, na nikaona anakunja uso.

"Shemeki," akasema, "juu ya nini unatia kichuguu ku picha yote?"

"Si njo vile bwana yangu alipigaka," nikamjibu. "Miye ninafwata tu."

"Wapi kichuguu? Lete picha."

Nikampa boksi. Akachagua picha moja, akaisogeza kwenye mwanga, akaiangalia sana. Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa mkono kama mtu aliyecheka kanisani.

"Hapana kichuguu ile, shemeki. Ile iko Kalaba."

Nikamwambia asinichezee, mimi ni mjane.

"Sichezi! Ile kisanduku yake, kama jua haiko ku mugongo, picha inakufa. Sasa jua ku mugongo, kivuli mbele. Kama ni asubuyi ao magaribi, kivuli inakuwa murefu, inaingia mu picha. Tulikuwa tunamucheka: Kalaba, umejipiga tena!"

Akaona siamini. Akainuka, akatoka uwanjani, akalipa jua mgongo, akaweka mikono tumboni kama ameshika kisanduku, viwiko nje, kichwa kimeinama. Mbele yake juu ya udongo uliofagiliwa kikalala kichuguu changu. Pana chini, jembamba juu. Kilikosa nyasi tu.

Nililia pale pale mbele ya mgeni, na sikuona aibu. Nilikuwa nimemtafuta mume wangu boksi zima, kumbe yumo katika kila karatasi, amesimama mbele kabisa, na mimi nimemfunika kwa uzi wa kahawia. Nimemwotesha nyasi kichwani. Nimemtilia uyoga. Nimemuuza kwa mabibi wa watu wamtundike juu ya makabati yao, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba pale ukutani amesimama Kalaba, mshika breki.

Floribert alinipigapiga begani. Nilipotulia, nikakumbuka. Nikaenda kitandani, nikaleta kitambaa cha mke wa daktari pamoja na picha yake, nikaviweka magotini mwake. Nikaweka kidole juu ya donge kubwa.

"Huyu iko Kalaba?"

"Njo yeye."

Nikahamisha kidole hadi kwenye donge dogo. "Na huyu?"

Floribert alitazama picha, akatazama kitambaa, akatazama kofia yake. "Huyu... sijue, shemeki. Ile siku sikukuwa naye."

"Iko wapi hapa?"

"Sijue. Pori yote iko moja." Akainua kikombe kama anayemalizia maji, ingawa kikombe kilikuwa kikavu, akasema ana mtu wa kumwona, akaenda zake.

Nikabaki na kivuli cha mtu wa pili. Ni mfupi kuliko yeye. Ni mwembamba. Na amesimama karibu, karibu mno, mabega yao karibu yagusane. Mwanamume hasimami hivyo na mshika breki mwenzake. Basi ndiyo hiyo, nikajiambia. Miaka yote naambiwa watu wanatikisika, kumbe yuko mmoja asiyetikisika, yuko Bukama, au Tenke, au wapi sijui, na huyo alistahili kuingia katika picha. Mimi naambiwa toka pale. Huyo anaambiwa njoo. Nilitaka jibu, jibu nimelipata: alikuwa na mtu wa kumkumbuka njiani, ila si mimi. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi, baridi ya kuwa peke yangu hata katika yale yaliyopita. Mjane ana yaliyopita tu. Nikinyang'anywa hayo nina nini?

Masœur Godelieve anasema Jumapili ni dhambi kutarizi. Kufumua hakusema. Nikachukua mkasi mdogo, nikakaa mlangoni, nikaanza na yule mwanamke. Nilimkata uzi wa kwanza penye kiuno. Nikavuta. Nyasi zikatoka, kahawia ikatoka, nyuzi zikaniangukia mapajani. Nilimfumua miguu, nikamfumua tumbo, nikapanda juu kwa furaha mbaya ambayo kwa padri nitaiungama nikipata nafasi. Mwishoni vikabaki vile vijiti vinne vikavu kileleni. Nikavikata kimoja kimoja.

Nyuzi zilipokwisha, chini yake ilibaki penseli. Mistari yangu mwenyewe, niliyoihamisha chumba kwa chumba kabla kichwa changu hakijasema ni kichuguu. Bila nyasi na bila uzi, mchoro ulikuwa mtupu kabisa. Mabega. Shingo. Kichwa. Juu ya kichwa, kitu bapa, kimelala. Na juu ya kile kitu bapa, vijiti vinne vilivyonyooka, vinatazama mbinguni.

Vijiti gani vinaota hivyo, vinne, sawasawa?

Nikaushusha mkasi.

Shangazi yake wa Kambove hakuwa na kiti cha kukalishia wageni. Kalaba aliniambia analilalamikia hilo kila mara. Basi tulipokwenda kumsalimu, Kalaba alimnunulia kiti cha mbao kwa fundi wa Kamalondo, na mimi nikajitwika toka kituoni, kimepinduliwa, kikalio juu ya kata kichwani, egemeo likining'inia nyuma, miguu juu. Shingo inaniuma. Jua mgongoni.

Toka pale, alisema. Akaja, akanishika kiwiko, akanileta karibu yake. Akaniweka pembeni mwake, akatazama chini kwenye majani mbele yetu, akanisogeza tena kidogo, akatazama tena. Nilidhani ananitoa njiani. Kisha akasema, "Usitikisike."

Mtu aliye nyuma ya kisanduku atatikisa nini, kama si kivuli chake? Nimelikasirikia neno lile miaka yote, na sikuwahi kujiuliza hilo.

Nilikaa pale mlangoni sijui muda gani, nyuzi za mwili wangu zimejaa mapajani. Wa kumchukia hayupo tena. Wa kumwambia kwamba nimeiona picha hayupo pia, na hilo ndilo lililonivunja. Angenionyesha siku ile ile, ningecheka. Ningemwomba nikaiona, angecheka yeye. Tulikuwa watu wawili wakaidi katika nyumba moja, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kusema.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya paa za Kamalondo. Nikaingia ndani, nikachukua kiti changu cha jikoni, nikatoka nacho uwanjani. Jirani yangu Mama Musonda alikuwa anapepeta unga upande wa pili wa ua. Akaniona nikikunja kitenge kuwa kata, nikiinua kiti, nikikipindua, nikijitwika.

"Mama Wivine! Unahama?"

"Hapana, mama. Ninaangalia kitu."

Nikalipa jua mgongo. Mbele yangu juu ya udongo nikalala mimi: mabega, shingo, kichwa, ubao bapa, vijiti vinne. Nililinganisha na mchoro wa penseli niliouacha mlangoni na sikuhitaji kurudi kuutazama. Mke wa daktari nitamtafutia kitambaa kingine, chenye mto. Hiki nitakitia uzi mweusi mtupu, wote wawili, bila nyasi, na kitakaa pale ukutani ambapo watu wanatafuta picha.

Lakini hiyo ni kazi ya kesho. Jioni ile nilikuwa nakitazama kivuli changu, na uwanja uliofagiliwa upande wake wa kuume, ambapo hapakuwa na kitu. Nikagundua nimesimama katikati kabisa, kama mtu asiye na mwenzake. Nikasogea kidogo kushoto, nimwachie nafasi yake.

Mama Musonda aliacha kupepeta, ananitazama. Shingo ilianza kuniuma. Sikutikisika mpaka jua lilipokwisha.